Ua Sahani Mlangoni kwa Dada

Mwaka wa 1961 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndipo shida ilipoanza. Mama alikuwa ametangulia. Baba alimfuata mwaka huo wakati wa kupalilia wimbi, na wimbi lenyewe tukaliachia magugu. Tukabaki wawili, mimi na dada yangu, katika nyumba ya nyasi iliyokuwa ikivuja upande wa kitanda changu. Yeye alikuwa msichana wa kama miaka kumi na saba. Alikisukuma kitanda changu upande wake, akalala yeye penye kuvuja. Naanza na hilo ili huko mbele usije ukaniuliza kwa nini mwanamume mzima, mwenye chai yake, alihangaika na ua.

Shule niliishia darasa la pili. Silii. Kusoma nilijifunzia kwenye mifuko ya mbolea na kwenye Biblia, na Kiswahili nilikipata Kericho katika mashamba makubwa ya chai, kwa Wajaluo na Wakipsigis na Waluhya ambao nao hawakuwa nacho. Tuliazimana. Kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe.

Baba alipokwisha kuzikwa, dada alipanda juu, kupita Nyansiongo, akaandikwa kazi ya kuchuma pareto katika shamba la mzungu. Kila Ijumaa alishuka nyumbani kabla ya jua kuzama, kwa sababu ya Sabato. Alikuja na unga, wakati mwingine kipande cha sabuni, na siku zote hadithi.

"Kuna ua pale kwa mama mzungu," aliniambia, "kubwa kama sahani."

"Sahani ina ukubwa gani?"

Sikuwa nafanya mzaha. Sisi ugali wetu wa wimbi ulikaa kwenye kikapu. Dada akachukua kijiti, akachora duara kwenye majivu, duara kubwa kuliko uso wangu. Akasema ua lenyewe ni jeupe, katikati lina jicho jekundu, na kila moja huishi siku moja tu, kesho yake linafunguka jingine. Kiangazi kikija mmea wote unakauka mpaka chini, unaapa umekufa. Mvua zikishika unatoka tena ardhini kama mtu aliyekuwa amelala.

Nikamwambia anaongopa. Akaniambia nile nilale.

Uhuru ulipokaribia, yule mzungu aliuza shamba akaondoka. Mke wake aliwaita wafanyakazi, wa uani na wa shambani, akamwambia kila mmoja achague kitu. Mmoja alichukua kiti, mwingine blanketi, mwingine sufuria yenye mfuniko. Dada alichagua shina la lile ua. Wenzake walimcheka njia nzima.

"Umeambiwa uchague, ukachagua uchafu," walisema.

"Blanketi litachakaa," aliwajibu.

Mwaka wa 1964 akaolewa upande wa Marani, na lile shina akaenda nalo. Mume wake alikuwa fundi wa baiskeli sokoni, mtu wa maneno machache, mikono yake siku zote na mafuta. Alimpenda. Sikuambiwa na mtu, niliona. Nilipokwenda kuwatembelea nikiwa likizo kutoka Kericho, nilimkuta asubuhi na mapema akilimwagilia ua la mke wake kwa kibuyu, na wanaume wenzake wanapita njiani wanamtazama. Hakuficha kibuyu. Na siku hiyo ndiyo nililiona ua lenyewe, na nikajua dada hakuwa ameongopa. Nililipima kwa uso wangu. Lilinizidi.

Sasa kuna jambo ambalo kwetu Abagusii halihitaji kuelezwa, lakini wewe huenda unatoka kwingine. Kwetu ng'ombe wa dada ndio mke wa kaka. Dada akiolewa, ng'ombe wanaoletwa wanamngojea kaka yake akue, na kaka akitaka kuoa, ndio hao wanaokwenda. Ng'ombe wa dada yangu walikaa kwa baba yangu mdogo. Mimi nilichuma chai Kericho mpaka mwaka wa 1969, nikarudi kwenye mgongo wa kilima alioniachia baba, huku Nyamira, nikapanda chai yangu. Mwaka wa 1971 wale ng'ombe walitoka, nikaoa. Mke wangu alijua amekuja kwa mlango gani. Tangu siku ya kwanza hakumwita dada yangu wifi tu. Alimwita Mwenye Ng'ombe, na alipolitamka jina hilo aliinama kidogo, nusu heshima na nusu utani.

Mwaka wa 1973 yule fundi wa baiskeli aliugua, akafa. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Desturi ilisema ndugu wa marehemu aishike nyumba ile, na mjane akae pale pale alipolipiwa ng'ombe. Dada alikaa mpaka matanga yakaisha kabisa. Kisha siku moja alasiri tukamwona anapanda kilima chetu kwa miguu, ana gunia bichi kichwani, matope yanamtiririka shingoni.

"Umebeba nini?" nikamuuliza.

"Nyumba yangu."

Akalitua, akalifungua. Ndani kulikuwa na mizizi minene iliyozongwa na udongo, kama mihogo iliyozeeka. Mke wangu aliitazama kwa muda.

"Mwenye Ng'ombe," alisema, "hii tunaipika au tunaipanda?"

Dada alicheka. Kumbe alikuwa hajacheka tangu msiba, lakini hilo tuliambiwa naye baadaye.

Tulimjengea kibanda nyuma ya jiko letu, akalipanda ua lake mlangoni. Mwaka wa 1974 mvua za masika ziliposhika, lilitoka, likafika magotini, likasimama hapo. Halikuchanua. Nilimwona dada asubuhi akifungua mlango, jambo la kwanza analitazama lile ua, kisha anatazama upande wa Marani.

Januari iliyofuata kiangazi kilikuwa kikali, na lile ua likakauka mpaka chini. Nilikuja na jembe, nataka kulifukua nimpandie ua jingine lenye akili.

"Acha," alisema. "Limelala."

"Limekufa, dada."

"Wewe ulipokuwa unalala mpaka jua linapanda, nilikufukua?"

Nikaliweka jembe chini.

Mwezi huo huo shemeji yake alikuja, yaani kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia na mwavuli, mvua iwepo isiwepo. Alikuja na heshima zote. Baba yangu mdogo alikuwapo, kwa sababu mambo kama hayo hayazungumzwi na kijana peke yake. Tukamkaribisha uji wa wimbi. Alipomaliza akauelekeza mwavuli wake kwenye vijiti vikavu mlangoni kwa dada.

"Ile ni nini, kuni?"

"Ni ua langu," dada alisema.

"Lile la Marani?"

"Ndilo."

"Kule lilikuwa linajaa maua mpaka watoto wanaiba." Akatikisa kichwa. "Shemeji, hata mmea unajua kwao. Nyumba ya ndugu yangu haina moto. Mimi sikuja kukusumbua. Nina wake wawili, na hao wananitosha mpaka masikioni. Nataka moshi utoke kwenye ile nyumba, watu wasiseme imekufa."

Baba mdogo alitazama chini. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mzee yule angeweza kuuliza habari za ng'ombe. Hakuuliza. Aligusa tu pembeni, kwa adabu.

"Ng'ombe wetu nao," alisema akimtazama mke wangu aliyekuwa anaokota bakuli, "naona wamenenepa."

"Wanapika uji pia," mke wangu akamjibu. "Nikuongeze?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilidhani mambo yamekwisha kwa kicheko. Lakini dada alikuwa hajacheka. Alikuwa anavitazama vile vijiti.

"Shemeji," alisema, "mimi siamini ishara, nimebatizwa. Lakini nimechoka kutokujua niko wapi. Wimbi hili tunalopanda sasa likivunwa lote kabla ua langu halijachanua, nitafunga gunia langu nirudi Marani, niwashe ule moto. Likichanua kwanza, utaniacha hapa kwa mdogo wangu."

Kwetu neno likisemwa mbele ya wazee wawili limesemwa. Halirudi mdomoni. Yule mzee alisimama, akachukua mwavuli wake.

"Nimesikia," alisema. "Na baba mdogo amesikia."

Baada ya hapo mimi nilikuwa na kazi. Wimbi lingekuwa tayari Julai au Agosti. Nilikuwa na muda. Na nilikuwa mtu wa kujua mimea, nisikudanganye. Miaka mitano nimechuma Kericho, na hapa nyumbani chai yangu ilikuwa ndiyo chai. Kwenye banda la kupimia majani, karani alipokuwa anataka kuwaonyesha wengine majani mazuri, alikuwa anawaonyesha kikapu changu. Nikasema, kama ninaweza kuiamuru chai, nitashindwaje na ua?

Lilichelewa kutoka. Machi ilipita, kila kitu kimechipuka, lenyewe kimya. Nilikuwa nimeshaanza kulala vibaya. Aprili likatoboa ardhi, vidole vyekundu vitatu vinne, na dada akaniita nije nione. Nikaanza kazi siku hiyo hiyo.

Nililipa mbolea ya chai. Sikulipa kidogo, nililipa kama mtu anayemlisha mgonjwa. Nilichimba mashimo pembeni nikahamishia migomba mikubwa mitatu, iliyokuwa na mikungu tayari, ili jua la mchana lisilipige na mvua ya mawe isilipasue. Unaijua mvua ya mawe ya huku kwetu, inaweza kuichana chai ya mtu ikawa kama mboga iliyokatwa. Shina lilipopanda kifuani, nikalikata juu, nikalisawazisha kama meza, ili litoe matawi mengi. Likatoa. Lile ua likanenepa. Majani yakawa mapana, ya kijani kibichi kinachong'aa, mazito, yanasukumana. Watu wakipita wanasema, "Ee, omogaka, hicho ni kitu gani kizuri hivyo?" Omogaka ni mzee wa heshima, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilivimba.

Ila maua hakuna. Hata tumba moja. Mei ikawa inaisha, wimbi likaanza kutoa vichwa.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma nilipita mlangoni kwa dada kumsalimia. "Bwakire," nasema, yaani kumekucha. "Bwakire buya," ananijibu, anatoka na kikombe chake, tunasimama pale penye ua, tunazungumza habari za usiku, nani kaota nini, mtoto wangu amelia kwa nini. Ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote. Nilikuwa nimemkosa dada yangu miaka karibu kumi, na sasa yuko hapa, ana usingizi machoni, anapuliza uji.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama. Akatutazama. Akaiweka ndoo chini.

"Baba mtoto," alisema, "umeshika nini mkononi?"

Nikafungua mkono. Nilikuwa nimeshika vichipukizi. Majani mawili na ncha, majani mawili na ncha, yamejaa kiganja, laini, yamechumwa kwa usafi kabisa kama ya kupeleka kwenye banda. Sikuwa na habari nayo. Mdomo wangu ulikuwa unazungumza na dada, na vidole vilikuwa vinachuma ua lake.

"Huwa anafanya hivyo kila siku," dada alisema polepole. "Nilidhani anajua anachofanya. Yeye ndiye mtu wa mimea."

"Anajua," mke wangu alisema. "Ameligeuza chai." Akachukua ndoo yake. "Limebaki kupimwa tu."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikwenda zangu shambani na kikapu mgongoni, nimekasirika. Kukasirika kwangu kulikuwa na sababu: mtu asiyechuma chai hajui kwamba mkono wa mchumaji haukai. Ukiwekwa karibu na kijani, unafanya kazi.

Njia yangu ilipita kwenye shamba la jirani mmoja ambaye alikuwa ameiacha chai yake akaenda Tabaka kufanya biashara ya mawe ya kuchonga. Tulimsema sana. Hakuna kinachomwaibisha mtu wa huku kama chai iliyoachwa. Ilikuwa imepanda juu kuliko mtu, haijachumwa, haijapata mbolea, jua linaipiga itakavyo. Na ilikuwa imejaa maua. Maua madogo meupe yenye unga wa njano katikati, nyuki wanavuma kama kanisa. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikatema mate. Siku hiyo nilisimama.

Chai ikichanua, sisi tunasema imetelekezwa. Mbinu zote tulizofundishwa Kericho, kuchuma, kukata, mbolea ile, ni za kuifanya isahau maua itoe majani. Hatutaki maua ya chai, hatunywi maua. Na mimi nilikuwa nimechukua ua la dada yangu nikalifanyia yote hayo kwa mapenzi. Nikaliongezea kivuli, na dada alikuwa ameniambia tangu nikiwa mtoto kwamba kwa mama mzungu lilikuwa katikati ya ua wa nyumba, peupe. Mwaka wa kwanza nao lilikuwa halijakosa kitu. Lilikuwa limehamishwa tu, linatafuta pa kuweka mizizi, kama mtu yeyote aliyefika kwa watu na gunia kichwani. Sisi tukalitaka lichanue siku ile ile.

Sikuchuma siku hiyo. Nilirudi na panga, nikaikata ile migomba mitatu, na mikungu yake ilikuwa bado vidole vya mtoto. Mke wangu alitoka jikoni.

"Sasa umeingiwa na nini?"

"Jua," nikamjibu.

Mbolea nikaacha. Udongo niliouchanganya na mbolea nikauondoa kwa mikono juu juu, nikaweka mwingine. Halafu asubuhi nilipokwenda kumsalimia dada, nilisimama na mikono nyuma, kama mtuhumiwa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchuma. Siku nyingine vidole vilitoroka, naye ananipiga kofi mkononi, kofi la dada, bila kukatiza maneno yake.

Juni ikapita na majani. Mwanzoni mwa Julai, dada alinionyesha kitu kidogo cha kijani, kigumu, kama kifungo cha koti, pale juu kwenye ncha ambayo zamani ningekuwa nimeichuma. Kisha cha pili. Lakini huku kwetu juu kuna baridi mwezi huo, na vile vifungo vilikuwa havina haraka. Wimbi lilikuwa nayo. Lilikauka likawa la kahawia, na tukaanza kuvuna, mke wangu na dada na kisu kila mmoja, wanakata vichwa wanatia kikapuni. Mimi nilikuwa nawaambia wavune polepole. Walinitazama kama mtu anayewaambia wapumue polepole.

Shemeji alikuja siku ya tatu tangu mavuno kukoma, na mwavuli wake. Alienda moja kwa moja kwenye ua, akainama.

"Hili bado ni tumba," alisema.

"Ni tumba," dada akakubali. Hakuwa mtu wa kubishania kilichoonekana. Akageuka aingie kibandani, na mimi nikajua anaenda kuchukua gunia.

"Mavuno hayajaisha," mke wangu akasema.

Wote tukamtazama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, anajifuta mikono.

"Hayajaishaje?" mzee aliuliza. "Nimepita shambani kwenu, ni mabua matupu."

"Nyuma ya chai kuna kona. Haijaiva."

Tukaenda kuiona. Kweli kulikuwa na kona ya wimbi, ndogo, kama mikeka minne. Mwanamke yule alikuwa ameipita makusudi, na hakuwa amemwambia mtu, hata mimi. Lilikuwa limeiva mpaka linaanguka. Ndege waliruka walipotuona.

"Haijaiva," mzee alisema, "na ndege wameshiba mpaka wanatembea."

"Ndege hawajui wimbi," alijibu mke wangu.

Mzee alitaka kucheka, lakini dada alikuwa na uso mwingine. Alirudi jikoni, akatoka na kisu.

"Sitakaa kwa mtu kwa ujanja," alisema. "Nilitoa neno langu."

Akaingia kwenye ile kona akaanza kukata. Alikata upesi, kichwa baada ya kichwa. Mimi nilisimama. Ningefanya nini? Neno lilikuwa lake. Hapo mke wangu akaingia kwenye wimbi, akakaa chini mbele yake, akanyoosha miguu kama mtu aliyekaa kwake, wimbi likamfika shingoni.

"Mwenye Ng'ombe," alisema, na mara hii hapakuwa na utani, "mimi niko hapa kwa ng'ombe wako. Sufuria ninazopika ni zako. Mtoto niliyemzaa ametoka kwa ng'ombe wako. Ukisema hapa si kwako, basi na mimi niambie kwangu ni wapi. Ukivuna kona hii, unavuna na mimi."

Dada alisimama na kisu. Upepo ulikuwa unalitikisa lile wimbi lililobaki. Alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, na uso wake ukawa ule wa siku alipokisukuma kitanda changu. Nikamwambia kitu kimoja tu, kwa Ekegusii, ambacho ndicho alichokuwa ananiambia mimi kila Jumapili usiku kabla hajapanda Nyansiongo: kwamba nyumba ni mahali unapongojewa.

Akakaa chini na yeye. Wakakaa wawili ndani ya wimbi kama kuku watagao.

Yule mzee alikuwa ameegemea mwavuli. Alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Ile kona muiache," aliniambia. "Mimi ni mzee, lakini si mwizi. Nikiwatoa watu hapo nitasemwa mpaka Keroka."

"Na neno lake, shemeji?"

"Alisema wimbi likivunwa lote. Mimi naona wimbi." Akaanza kushuka. Akageuka. "Likichanua, mniite."

Lilichanua kabla Agosti haijaisha. Tulilikuta asubuhi limefunguka lote, jeupe, jicho jekundu katikati, na umande juu yake. Dada alilitazama, kisha hakutazama upande wa Marani. Alitazama jikoni, akamwita mke wangu aje. Nililipima kwa uso wangu. Lilikuwa dogo kuliko la Marani.

Tulimwita mzee, akaja. Alisimama mbele ya lile ua muda mrefu, kofia mkononi. Kisha akaomba kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Aliomba kipande cha shina.

"Nikapande mlangoni kwa ndugu yangu," alisema. "Mwanangu mmoja anaoa, nitamweka katika ile nyumba. Moshi utatoka. Lakini pale mlangoni pamebaki shimo, na kila nikipita naliona."

Dada aliingia ndani, akakaa kidogo huko. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na gunia lilikuwa mkononi, lile lile. Alichimba mwenyewe. Akamfungia lile shina kwa udongo wake, akamwelekeza kama anavyoelekezwa mtu aliyekabidhiwa mtoto.

"Lipande peupe. Usilipe mbolea ya chai, litakupa majani ukafuge nayo mbuzi. Mwaka wa kwanza likinyamaza, usilisumbue, linakaa. Kiangazi litakufa. Usiamini. Litachelewa kuamka kuliko vyote, usilete jembe." Akanitazama mimi. "Na mtu yeyote anayechuma chai akija kukutembelea, mwambie aweke mikono mfukoni."

"Kule Marani chai si nyingi," mzee alisema.

"Bahati yake."

Akaondoka na gunia chini ya kwapa na mwavuli amelifunikia shina, yeye mwenyewe jua linampiga.

Hayo yalikuwa mwaka wa 1975. Leo nina ekari tano za chai, zote nilizipanda kwa mikono hii. Nyumba ya matofali yenye mabati, haivuji upande wowote. Ng'ombe watatu wa maziwa. Tangi la maji. Migomba, mbali na mlango wa dada. Mke yule yule. Watoto sita, wote wamenipita kwa kusoma, na mmoja ndiye aliyenifundisha kwamba ua lile linaitwa haibiskasi, lakini sisi tunaliita ua sahani. Sahani ninazo nyingi. Dada yangu yuko pale nyuma ya jiko, katika nyumba ya mawe sasa, na asubuhi bado ananitolea kikombe. Ua ni lake, siliingizi katika mali yangu. Na nina kona moja ya wimbi, kama mikeka minne, ambayo kila mwaka tunaipanda na hatuivuni.